Samaki mmoja anaweza kulipa mara ngapi?



Mvuvi akipata samaki mkubwa, anamuuza sokoni mara moja na hesabu inaisha. Hiyo ni kazi ya heshima, juu ndiyo inalisha nyumba zetu. Lakini kuko uvuvi mwingine, ule wa kujifurahisha: mgeni anakuja na fimbo na ndoana, anavua, anapiga picha, halafu anarudisha samaki majini angali mzima. Wengi wanasema huo ni mchezo wa watu wenye kushiba. Sisi tunaomba muangalie feza inayotembea nyuma ya mchezo huo.

Tufanye hesabu

Huu ni mfano tu; kila mahali pako na bei yake. Samaki wa kilo 10, kwa franka 10 000 kilo moja, analeta franka 100 000. Mgeni anayemtafuta samaki huyo kwa siku mbili analipa mtumbwi na mpiga kasia, kiongozi anayejua maji, mahali pa kulala, mpishi na chakula. Tuseme yote ni franka 250 000. Hata asipopata kitu, amekwisha kulipa. Na samaki akirudishwa, mgeni wa mwezi ujao atamtafuta tena.

Mkulima naye ana sehemu yake. Mgeni anakula mihogo, ndizi, mayai, kuku na mboga. Koperative ikipatana bei mbele, chakula hicho hakitanunuliwa mjini.

Kwa nini sisi?

Katika mto Kongo na ziwa Tanganyika kuko mbenga, samaki wa meno makali anayeweza kufika kilo 50. Wavuvi wa fimbo wa ngambo wanamjua na wanatamani kumpata. Ziwa Tanganyika liko pia na sangala. Lakini tusidanganyane: mgeni wa mbali anafuata usalama na barabara. Pale ambapo hivyo havijapatikana, muanze na watu wa mjini wanaotafuta mahali pa kupumzika siku ya posho na ya mungu.

Wenzetu wa Namibia

Kaskazini-mashariki ya Namibia, kwenye mto Zambezi, jumuiya za Sikunga na Impalila zilitenga mikono ya mto ambamo nyavu hazitupwi. Mgeni anaruhusiwa kuvua kwa fimbo, mradi arudishe samaki. Walinzi wanatoka katika jumuiya yenyewe, na hoteli za wavuvi zilisaidia kulipia ulinzi huo. Serikali nayo ilitambua sehemu hizo kwa sheria.

Mvuvi wa nyavu anafaidika namna gani? Samaki jike mkubwa anataga mayai mengi kupita mdogo. Akipata mahali pa kuzalia bila kusumbuliwa, watoto wake wanatawanyika mpaka kwenye maji ambamo watu wote wanavua. Lakini pale tunapovua kwa chandarua cha mbu, tunamaliza watoto hao mbele hawajakua. Hapo mgeni hatakuja, na sisi wenyewe tutakosa mboga.

Mupatane haya mbele ya kupokea mgeni

1. Wavuvi wawe wa kwanza kusema. Ukifunga maji na mvuvi hajapewa kitu, ataingia usiku na nyavu, na atakuwa na haki ya kulalamika. Mutenge sehemu ndogo, na kazi ya kiongozi na ya mlinzi ipewe wavuvi wenyewe.

2. Muandike mapatano. Mwenye hoteli, chifu, wavuvi na koperative watie sahihi: mgeni analipa ngapi, nani anapokea, ngapi inaingia katika sanduku la wote. Maneno ya mdomo yanasahaulika siku feza inapoonekana.

3. Muulize ruhusa. Muende kwa wakubwa wa serikali wanaoshugulikia uvuvi, mujue sheria na kodi mapema.

4. Mufundishe kurudisha samaki vizuri. Jino la ndoana libanwe kwa koleo ili itoke bila kupasua. Mikono iloweshwe mbele ya kumshika samaki. Asivutwe kwa mashavu, asikokotwe mchangani, asikae inje ya maji muda mrefu. Samaki akirudishwa amekwisha choka kabisa, atakufa tu, na mapatano yote yatakuwa bure.

5. Msomaji wa hesabu asome mbele ya wote kila mwezi. Feza ya mgeni ikijulikana na watu wawili tu, italeta ugomvi kuliko njaa.

Uvuvi huu hautachukua nafasi ya shamba wala ya nyavu. Ni kikapu kimoja cha kuongeza. Katika mkutano wenu ujao, muulizane kwanza: katika maji yetu, samaki wakubwa wangali wanazalia wapi? Mukikosa jibu, muanze na ulinzi, wageni watafuata nyuma.