Injini kuukuu ikigoma kuwaka, usinyonye petroli kwa mdomo

Pampu ya kumwagilia iliyokaa stoo miezi kadhaa hugoma siku inapohitajika zaidi. Kamba inavutwa mara kumi, mara ishirini, injini inakohoa na kuzima. Kinachofuata katika nyumba nyingi ni kufungua tenki, kuingiza mpira, kunyonya petroli kwa mdomo na kuijaza kwenye chupa ya maji ya kunywa. Watoto wako pembeni wanatazama.

Hatari ya petroli haiko tumboni tu. Ni nyepesi na huteleza haraka, hivyo kiasi kidogo tu kikipalia na kuingia kwenye mapafu kinaweza kusababisha homa kali ya mapafu. Aidha, petroli ina benzini, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Habari njema ni kwamba matatizo mengi ya mafuta kwenye injini ndogo ya petroli, iwe ya pampu, jenereta au trekta dogo la bustani, yanaweza kutambuliwa kwa spana, bisibisi na kopo la bati. Hakuna sababu ya kutumia mdomo.

Kabla ya kuanza

Toa injini nje na uiache ipoe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali, kisha moto ukarudi hadi kwenye tenki. Zima jiko, usivute sigara, na watoto wasiwe karibu.

Fuata njia ya mafuta

Anza na plagi. Jaribu kuwasha injini, kisha ifungue plagi uitazame. Ikiwa kavu, huenda mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, hivyo tatizo ni cheche au mafuta kuzidi. Usijaribu cheche wakati petroli iko wazi karibu.

Pili, angalia petroli yenyewe. Iliyokaa miezi mingi hupoteza nguvu, hubadilika harufu na kuacha utando kama gundi. Imwage yote kwenye kidumu cha mafuta. Njia salama ni kuchomoa mpira upande wa kabureta, kuweka kopo chini na kufungua koki, mafuta yashuke yenyewe. Yakidondoka kwa shida, kagua koki, chujio na mpira. Mpira uliopasuka ubadilishwe, usifungwe kwa plastiki.

Tatu, usisahau mfuniko wa tenki. Una tundu dogo la kuingiza hewa, na vumbi au udongo wa nyigu ukiliziba, injini huwaka dakika chache kisha huzima. Legeza mfuniko kidogo; injini ikiendelea kufanya kazi, umepata jibu. Safisha tundu, kisha ufunge mfuniko vizuri.

Nne ni kabureta. Fungua nati ya chini ya kikombe chake, mafuta yaliyomo yadondokee kwenye kopo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo utayaona yamekaa chini kama matone. Injini inayokubali kufanya kazi ikiwa imefungwa choki tu, mara nyingi jeti yake, yaani tundu dogo la kupitisha mafuta, imeziba. Isafishe kwa dawa ya kabureta, ukivaa glavu na miwani. Usiichokonoe kwa msumari, maana tundu likipanuka injini itakunywa mafuta kupita kiasi.

Mwisho, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, boya au sindano ya kabureta haifungi vizuri na petroli inavuja hadi ndani ya injini. Usiiwashe. Hiyo ni kazi ya fundi, na oili lazima ibadilishwe.

Injini ikipona, ijaribu nje. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa ndani ya chumba.

Chupa ya soda si ya petroli

Kwa mtoto wa miaka miwili, kimiminika chochote kilicho kwenye chupa ya soda ni soda. Petroli ikae kwenye kidumu chake chenye mfuniko unaobana, kiandikwe, kiwe juu na stoo ifungwe. Hata lile kopo la bati lisiachwe chini wakati unakwenda kutafuta spana.

Ikitokea mtoto amekunywa petroli, usimtapishe. Akitapika, petroli hupita tena kooni na inaweza kuingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Mketishe wima, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke kituo cha afya mara moja ukiwa na chupa aliyokunywa.

Mpeleke hata kama anacheza kama kawaida, kwa kuwa dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kikohozi, kupumua haraka, midomo kuwa ya bluu au usingizi usio wa kawaida ni dalili za hatari.

Petroli ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda hospitali.

Msimu wa kumwagilia ukiisha, toa petroli yote kwenye tenki na kwenye kikombe cha kabureta kabla ya kurudisha pampu stoo. Kazi hiyo ya dakika chache huzuia utando kwenye jeti na hupunguza petroli inayobaki nyumbani mahali watoto wanapoweza kuifikia.