Vidole Vitatu vya Wavu

Samaki wa kwanza aliyenaswa na rafiki yetu kwenye Ziwa Kisale alikuwa tilapia wa ukubwa wa kiganja. Alimtoa ndoana kwa vidole vilivyolowa, akamshikilia chini ya maji hadi alipotulia, kisha akamwachia aende zake. Mzee aliyekuwa akituendesha kwa upondo akasimama. Mtumbwi ukabaki unaelea kati ya mayungiyungi.

"Mwanangu, umemtupa?"

"Nimemrudisha, papa."

"Kwani alikukosea nini hata umsumbue, kisha usimle?"

Tulikuwa wanne, wote tumekulia Kamina, na hii ilikuwa likizo yetu ya kwanza ya kuvua pamoja. Rafiki huyu aliishi Kenya miaka kadhaa, na huko alijifunza kuvua kwa fimbo nyepesi, uzi mzito na chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoana kikafanana na nzi. Alijifunzia kwenye mito baridi ya milima ya Aberdare. Samaki wa huko, trauti, si wenyeji wa Afrika Mashariki: mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yao kutoka Uskoti mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura. Kwa wanaovua hivyo, kumrudisha samaki ni heshima. Rafiki yetu alikuwa na ndoto ya kuwajaribu samaki wa kwetu kwa unyoya, hasa mbenga, yule mwenye meno yanayokata uzi kama mkasi.

Kamina imekaa juu, kwenye uwanda mkavu wa reli na mahindi. Samaki tunaowala hutoka bondeni, na mtoto wa mjini anaweza kuwala miaka ishirini bila kuwahi kuona maji yao. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi. Tulishuka hadi Bukama, mji uliofikiwa na reli mwaka 1918, ambapo Lualaba huanza kupitika kwa meli. Hapo tulipanda boti ya mbao yenye injini, tukakaa juu ya magunia ya chumvi na unga pamoja na mbuzi watatu, tukafuata mto kuelekea Kinkondja. Huko chini ardhi hulala, na mto hutawanyika katika mabwawa na maziwa mengi. Upemba ndilo kubwa kuliko yote, na Kisale halina mpaka ambao jicho linaweza kuushika, kwa sababu ukingo wake ni mafunjo, na mafunjo yenyewe huelea. Watu wamejenga juu yake. Unapokanyaga kiwanja cha nyumba, unahisi ardhi inashuka chini ya kisigino kama godoro, kisha inakuinua tena.

Hatukuvua siku ya kwanza. Hili lilimuudhi kidogo rafiki yetu, maana alikuwa amefunga fimbo yake tangu alfajiri. Lakini mgeni hawezi kutia ndoana majini kabla hajaonyeshwa kwa wenye maji. Tulipelekwa kwa mkubwa wa kijiji tukiwa na chumvi, sabuni na sukari. Mzee wetu alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nzito, akasema "Eyo Vidye." Vidye ni neno la roho na la Mungu, na Waluba humpa pia mtu wanayemheshimu. Sisi tuliiga, kwa kuchelewachelewa. Kisha tukaulizwa: baba zetu ni akina nani, mama zetu walizaliwa wapi, nani kati yetu ana ndugu upande wa Malemba-Nkulu. Maswali yalichukua saa nzima. Mwenzetu mmoja alipotaja kijiji cha bibi yake, mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni akalitua, akaanza kuhesabu ukoo kwa vidole mpaka akampata. Kuanzia hapo aliitwa mjukuu, akanyimwa ruhusa ya kulipia chakula.

Nadhani adabu hii ina mizizi mirefu kuliko tunavyofikiri sisi wa mjini. Simulizi ya mwanzo wa ufalme wa Waluba ni habari ya mgeni: Mbidi Kiluwe, mwindaji, anafika kwa Nkongolo na kushangaa kuona mtawala anakula hadharani bila haya. Mwanawe, Kalala Ilunga, anapokimbia hasira ya Nkongolo, anavushwa mto, na mvushaji anakataa kumvusha anayemfukuza. Katika hadithi yetu kubwa kabisa, mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua nani apite.

Na maji haya yamekaliwa zamani sana. Pale Sanga, kando ya Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi mwaka 1957. Walikuta watu wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wamelazwa na vyungu, mapambo ya shaba, ndoana na vyusa vya chuma. Katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, vimefinyangwa kwa kimo cha mtoto. Sijaweza kulisahau hilo. Kuna aliyekaa na udongo mkononi, katikati ya msiba, akapima chungu kiasi cha mikono ya mwanawe.

Jioni ile ya tilapia aliyerudishwa, mzee alimwita rafiki yetu akae karibu naye. Alikuwa akiziba wavu. Ncha ya wavu aliibana kwa kidole gumba cha mguu, mkono wa kushoto ukashika kijiti cha kupimia, wa kulia ukapitisha sindano ya mti iliyoviringishwa uzi: inaingia kwa chini, inazunguka kijiti, inavutwa, fundo linakazwa kwa ukucha. Hakuutazama mkono hata mara moja. Nyuma yake wanawake walikuwa wanageuza samaki juu ya uchanja, moshi wa kuni ukiwapaka rangi ya dhahabu iliyokolea, na bukari lilikuwa linasongwa.

Alipomaliza fundo, akaingiza vidole vitatu kwenye jicho la wavu. Vilipita pamoja.

"Wale wadogo wanapita hapa," akasema. "Siwashiki, siwatoi damu mdomoni, siwaonyeshi jua. Sisi pia tunawaachia, mwanangu. Tunawaachia kabla."

Rafiki yetu alinyamaza muda mrefu. Siku zilizofuata alivua kwa unyoya asubuhi tu, na kila alichokipata kilikwenda chunguni. Mvulana mmoja alimletea manyoya ya kanga, wakakaa wawili wakifunga nzi wa madoadoa, wakabishana kuhusu urefu wa mkia wake. Mbenga alipiga uzi mara moja, akaukata, akaenda. Kijiji kizima kilisimuliwa habari hiyo.

Lakini mzee alitueleza jambo jingine kwa uchungu. Nyavu za vidole vitatu zinazidi kupungua. Watu wanashona vyandarua vya mbu viwili vitatu pamoja, wanakokota kwenye mafunjo yale yale ambamo samaki hutaga, na jicho la chandarua halipitishi hata yai. Serikali hufunga uvuvi majira ya kuzaana, nami naona ni haki, ila mwenye watoto sita na mtumbwi wa kukodi hana ghala la kungojea ziwa lifunguliwe. Simlaumu mvuvi huyo. Ninachokihofia ni kwamba sheria ya vidole vitatu haikuandikwa popote. Imekaa kwenye kijiti cha kupimia, na kijiti kile mzee alipewa na mjomba wake.

Tulirudi Bukama siku ya soko. Kwenye mkeka wa mama mmoja kulikuwa na beseni la tilapia waliokaushwa, wadogo kama majani ya mwembe, wakipimwa kwa kikombe. Rafiki yetu alichuchumaa, akachukua mmoja, akamlaza juu ya vidole vyake vitatu. Hakuvijaza.

Mama akadhani tunaona kipimo ni haba. Akatuongezea kikombe kizima juu ya kile tulicholipia, akatufungia kwenye gazeti, akatuuliza tunakwenda wapi.

"Kamina, mama."

"Basi wasalimieni watoto."