Mkataba juu ya Mikataba: Tatizo la Istilahi katika Kusakinisha na Kuamilisha Programu za Kusimamia Mikataba ya Biashara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache za Kiswahili zinazotumika pale ambapo programu ya kompyuta ya kusimamia mikataba ya biashara inasakinishwa, inaamilishwa na kupewa leseni. Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jambo la mafundi liletwe mbele ya wanaisimu. Jibu letu ni kwamba matatizo mengi yanayomfikia fundi katika eneo hili huanza kwa mtu kusoma neno na kulielewa vingine. Chombo chenyewe huwa hakina kasoro. Hivyo basi, sehemu ya utatuzi wake ni kazi yetu, na sehemu ya lawama pia ni yetu.

Makala yamegawanyika katika sehemu tano zaidi. Kwanza tutaeleza kisa kilichotupa sababu ya kuandika. Pili tutavichambua vitenzi vinavyohusika. Tatu tutaitazama dhana ya leseni. Nne tutapendekeza utaratibu wa kufuata, kisha tutahitimisha.

2. Kisa chenyewe

Chama kimoja cha wakulima wa makadamia katika kaunti ya Embu kilinunua programu ya kutunza mikataba yake na wanunuzi. Kazi ya programu za namna hii ni nyepesi kueleza: huhifadhi majina ya pande mbili, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, bei, kiasi kilichoahidiwa na masharti ya kuvunja. Aidha, humkumbusha mtumiaji kabla ya mkataba kufikia ukomo. Maandishi yote ya programu hiyo yalikuwa kwa Kiingereza. Karani wa chama aliyaelewa bila shida, lakini wazee wawili wa kamati hawakuyaelewa, na ni haki yao kujua yanayotendwa kwa jina la wakulima. Kwa hiyo niliombwa kutafsiri ujumbe ulio muhimu katika karatasi moja, ibandikwe ukutani kando ya mashine. Niliifanya kazi hiyo kwa siku moja, nami niliridhika nayo.

Baada ya miezi kadhaa umeme ulikatika usiku mzima. Asubuhi karani hakuwapo, alikuwa amekwenda Meru msibani. Mweka hazina, mzee wa makamo, aliwasha mashine. Ujumbe ukatokea, akautafuta katika karatasi yangu na kusoma: "Muda wa mkataba umekwisha." Mzee hakuwa na sababu ya kushuku. Kazi ya programu ile ni kutangaza kwamba mkataba fulani umekwisha, nayo imetangaza. Akawaarifu wakulima waliofika na magunia kwamba mkataba na mnunuzi umefika mwisho. Wengi wao waliwauzia madalali njiani kwa bei ya kutupa, na baadhi walikuwa wameshaingoja pesa hiyo kulipia karo. Siku ya tatu karani alirudi, na makosa yakajulikana. Mkataba na mnunuzi ulikuwa hai. Ujumbe ulihusu mkataba mwingine, ule wa chama na mwenye programu.

Nilipoitwa, mzee hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwalimu, nilisoma ulivyoandika." Sijapata kusahihishwa kwa ukali kuliko huo.

Chanzo cha ujumbe kiligunduliwa na fundi kwa dakika chache. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo, ukubwa wa sarafu, inayoiwezesha saa ya mashine kwenda hata umeme unapokatika. Betri hiyo ilikuwa imekufa, na mashine ilipowashwa ilirudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Programu hulinganisha tarehe ya mashine na kipindi cha leseni. Ikiona tarehe iko nje ya kipindi, hukataa kufunguka. Betri ilibadilishwa, tarehe ikasahihishwa, programu ikafunguka. Leseni haikuwa imekwisha hata kidogo.

3. Vitenzi vitatu na kiambishi kimoja

Katika Kiswahili cha leo tunavyo vitenzi vya kutosha kwa hatua za kazi hii, ila aghalabu tunavichanganya.

3.1 Kusakinisha. Shina lake ni lile la neno maskani. Kusakinisha programu, basi, ni kuipa makao ndani ya mashine. Neno hili lina uwazi wa kutosha, maana linaonyesha mpaka wa tendo lenyewe: aliyepewa makao hajapewa bado ruhusa ya kufanya kazi.

3.2 Kuamilisha. Hili linatokana na shina la amali, yaani kazi. Kuamilisha ni kuitia programu kazini, kwa kawaida kwa kuandika ufunguo uliotolewa na mwenye programu. Malalamiko mengi ya watumiaji, kwamba programu "haikuingia", ni ya programu iliyosakinishwa barabara lakini haijaamilishwa. Mtumiaji huiondoa na kuisakinisha upya mara tatu au nne, wakati ambapo tatizo liko katika hatua ya pili.

3.3 Kusajili. Huku ni kuandikisha jina na anwani ya mtumiaji kwa mwenye programu. Kusajili si lazima kuamilishe, wala kuamilisha si lazima kusajili, ijapokuwa programu nyingine huzifanya hatua hizi mbili kwa pamoja.

Karatasi yangu ilitumia kitenzi kimoja, "kuweka", kwa hatua zote tatu. Hata hivyo kosa lililoleta hasara lilikuwa la kisarufi zaidi. Sisi walimu wa Kiswahili hujivunia upatanisho wa kisarufi, kwamba kiambishi cha kitenzi humtambulisha mtenda hata jina lisipotajwa. Sasa na tutazame majina yanayotawala uwanja huu: mkataba, muda, ufunguo, usajili, uhalali. Yote matano, katika umoja, huchukua kiambishi u-. Kwa hiyo "umekwisha" inaweza kurejelea lolote kati yake. Niliongeza jina "mkataba" nikidhani nimeondoa utata, kumbe nilichagua jina lililokuwa na wenyeji wawili: mikataba iliyomo ndani ya programu, na mkataba ulio juu ya programu yenyewe. Laiti ningeandika "Leseni ya programu imekwisha", kiambishi i- na jina leseni vingetosha kumwonya msomaji kwamba hapa hapazungumzwi mnunuzi wa makadamia.

4. Dhana ya leseni

4.1 Jina lililokwisha kuwa na kazi. Neno leseni, ambalo tumelichukua kutoka Kiingereza, si tupu katika masikio ya mfanyabiashara wa Embu. Kwake leseni ni karatasi inayotolewa na kaunti kwa ada, ikatundikwa ukutani. Au ni cheti cha dereva. Kwa vyovyote, mtoaji ni serikali. Leseni ya programu hutolewa na mwenye mali, kwa masharti yake mwenyewe, nayo ni matokeo ya mapatano. Ndiyo sababu nilivutwa na neno mkataba. Kwa maana ya kisheria sikukosea sana. Nilikosea kwa kuwa sikumfikiria msomaji na mahali alipo.

Kando ya hayo, Mkenya anayo kandarasi, neno linalotumika zaidi kwa kazi ya ujenzi na zabuni. Wapo watakaopendekeza kandarasi itengwe kwa mikataba ya wanunuzi na mkataba ubakie kwa programu. Sisi hatuungi mkono pendekezo hilo. Mkataba ni neno la kale lenye jamaa wengi wa shina moja, kama katibu, kitabu na maktaba, na msomaji wa kamati analijua. Tusimnyang'anye neno lake ili tumpe mwenye programu.

4.2 Mfano kutoka lugha jirani. Wanafunzi wangu huielewa dhana ya leseni upesi zaidi ninapoanza na jambo walijualo. Katika Kigikuyu, muhoi ni mtu aliyeomba na kupewa ruhusa ya kulima katika ardhi ya ukoo mwingine. Hulima, huvuna na kula, lakini hauzi ardhi ile wala haigawi kwa wengine. Mwenye leseni ya programu yuko katika hali ya namna hiyo. Huenda amelipa fedha nyingi, lakini alichonunua ni haki ya kutumia. Mfano huu una mipaka yake, kwa kuwa uhoi ulitegemea ujirani na heshima, ilhali leseni ya programu hutegemea maandishi na ada. Lakini unajibu swali ambalo huulizwa kila mara: "Mbona nimelipa na bado naambiwa si yangu?"

4.3 Msimamo wa sheria. Hapa pana jambo ambalo linapaswa kuwavutia wasomaji wa jarida hili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za fasihi, pamoja na riwaya, tamthilia na insha. Kenya haiko peke yake. Mapatano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu hakimiliki, ya mwaka 1994, yanataka programu zilindwe kama kazi za fasihi. Kwa hiyo kutafsiri programu, kama kutafsiri riwaya, ni haki ya mwenye kazi, na mfasiri huhitaji idhini. Sheria hiyohiyo humruhusu aliyeipata programu kwa njia ya halali kutengeneza nakala ya akiba.

Leseni huria zilitoa idhini hiyo ya kutafsiri tangu mwanzo. Ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Programu nyingi za mikataba hazina leseni ya aina hiyo, na ndiyo maana wengi wetu hubaki na karatasi za kubandika ukutani.

4.4 Namna za leseni. Mtumiaji anapaswa kujua leseni yake imefungwa kwa kitu gani. Ziko zilizofungwa kwa mashine. Programu huitambua mashine kwa sehemu zake za ndani, na zikibadilishwa huiona kuwa ngeni. Ziko zilizofungwa kwa mtumiaji aliyetajwa kwa jina. Ziko zinazohesabu watumiaji walio kazini kwa wakati mmoja. Hapa nashauri tuseme nafasi, kwani kusema viti ni kuhamisha picha ya Kiingereza bila faida. Tena ziko za kudumu na za mwaka. Leseni ya mwaka huhuishwa. Leseni inayohama kutoka mashine moja hadi nyingine huhawilishwa.

5. Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza maswali yafuatayo yaulizwe kwa mpango huu kabla ya yeyote kutangaza lolote.

(a) Je, ujumbe unahusu programu au kilichomo ndani yake? Ikiwa programu haijafunguka, ujumbe hauwezi kuwa kikumbusho cha mkataba wa mnunuzi, kwa kuwa vikumbusho huhesabiwa baada ya kufunguka.

(b) Je, tarehe na mwaka wa mashine ni sahihi? Swali hili halina gharama, nalo litangulie mengine. Lakini isifikiriwe kwamba kurudisha saa nyuma ni dawa ya leseni iliyokwisha kwa haki. Huko ni kuvunja mapatano, na baadhi ya programu zikiligundua jambo hilo hujifunga kabisa.

(c) Je, programu imesakinishwa bila kuamilishwa? Ufunguo uandikwe upya kwa makini. Herufi O na sifuri, herufi I na tarakimu 1, zimewapotosha wengi.

(d) Je, aliyesakinisha alikuwa na mamlaka ya msimamizi wa mashine? Bila mamlaka hayo baadhi ya mafaili huwa hayakai mahali pake.

(e) Je, mashine imebadilishwa au kutengenezwa? Leseni iachiliwe kwanza katika mashine ya zamani, ikiwa bado inawaka, ndipo iamilishwe katika mpya.

(f) Je, hifadhidata iko katika mashine nyingine ya ofisini? Yawezekana leseni ni nzima, ila mtandao baina ya mashine umekatika.

(g) Kabla ya kuondoa programu na kuisakinisha upya, je, nakala ya akiba ya mikataba imetengenezwa? Programu hununuliwa tena, lakini mikataba iliyofutika hairudi.

Hatimaye, nakala ya kila mkataba ulio hai ichapwe na kuwekwa kwenye faili. Tangu marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020, saini ya kielektroniki inatambuliwa katika mikataba nchini Kenya, na kwa sababu hiyo yako mapatano ambayo hayakupata kuwa karatasi kamwe. Mzee wa kamati anahitaji mahali pa kuhakikisha neno la mashine.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi haitoshelezi kwa kuwa sahihi katika kamusi tu. Inapaswa pia isigongane na maneno mengine yaliyomo katika chumba kilekile inamosomwa. Katika programu ya mikataba neno mkataba liachiwe mikataba ya wenye chama. Idhini ya kutumia programu iitwe leseni ya programu, kwa ukamilifu wake, wala jina lisiachwe ili kiambishi kibaki peke yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Imempa pia mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi alichonunua. Haki hizo mbili hukutana katika karatasi kama ile niliyoiandika. Nimekwisha kuiandika upya, na safari hii niliisoma kwa sauti mbele ya wazee wote wawili kabla ya kuibandika. Waliniuliza maswali manne. Matatu kati yake yamo katika makala haya. La nne, kwamba ni nani atakayewalipa wakulima tofauti ya bei, halimo, kwa kuwa si swali la istilahi. Hata hivyo linamhusu kila anayetunga istilahi, na ningependa wenzangu wakae nalo.