Dallas, mji uliompa Rosewall alichonyimwa na Wimbledon

Jumapili, 14 Mei 1972. Katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist mjini Dallas, Texas, Waaustralia wawili wamefikishana kwenye taibreki ya seti ya tano. Rod Laver ana pointi 5, Ken Rosewall ana 4, na zamu ya kuanzisha mpira ni ya Laver, mara mbili mfululizo. Akizishika zote mbili, kombe ni lake. Huyu ndiye mtu aliyetwaa mataji yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, tena mara mbili, 1962 na 1969, na mkono wake wa kushoto uliogopwa kila aliposimama kuanzisha.

Laver akapiga, Rosewall akaujibu kwa bekihendi na pointi ikawa yake. Laver akapiga tena, na bekihendi ileile ikamwadhibu mara ya pili. Ubao ukasoma 6-5 kwa Rosewall, mwanamume wa miaka 37 mwenye umbo dogo. Akaanzisha yeye, na jibu la Laver likashindwa kuvuka wavu. Mechi ilichukua zaidi ya saa tatu na nusu: 4-6, 6-0, 6-3, 6-7, 7-6. Televisheni ya NBC iliirusha moja kwa moja na Wamarekani zaidi ya milioni 20 wakaitazama, watu ambao wengi wao hawakuwa na habari na tenisi hadi siku hiyo. Rosewall aliondoka na dola 50,000, donge kubwa kwa tenisi ya wakati ule.

Hizo zilikuwa fainali za World Championship Tennis, WCT, zilizochezwa Dallas kuanzia 1971 hadi 1989. Leo hazipo, na anayeanza kufuatilia tenisi sasa anaweza kumaliza miaka asizisikie zikitajwa. Naona hilo ni dhuluma kwa wachezaji wa kizazi kile.

Aliyezianzisha ni Lamar Hunt, mtoto wa tajiri wa mafuta wa Texas. Wapenzi wa soka wanaweza kulifahamu jina lake, kwani Kombe la US Open la Marekani limepewa jina hilo. Mwaka 1967 yeye na Dave Dixon wa New Orleans waliwasajili wachezaji wanane kwa mkataba, wakiwamo John Newcombe, Tony Roche na Cliff Drysdale, wakawatangaza kama kundi moja la vijana watanashati. Waliwavisha nguo za rangi wakati tenisi ilijua nyeupe tu, wakawaambia watazamaji washangilie wapendavyo. Msimu wa kwanza ulikula hasara, Dixon akajitoa, Hunt akabaki na mzigo. Fedha alikuwa nazo, na subira pia.

Mpango wake ulikuwa rahisi kueleweka: mashindano kadhaa katika miji mbalimbali, pointi zinajumlishwa, na wanane bora wanakutana Dallas kumpata bingwa. Uwanja wenyewe ulikuwa zulia lililotandikwa juu ya sakafu ya ukumbi. Hakuna upepo, hakuna jua machoni, mvua haimwahirishii mtu mechi, na kituo cha televisheni kina uhakika wa ratiba yake. Zulia lenyewe limetoweka katika mashindano ya ngazi ya juu ya wanaume tangu 2009.

Wakuu wa tenisi duniani hawakumpenda Hunt. Shirikisho la kimataifa liliwafungia wachezaji wa WCT mwanzoni mwa 1972, na ingawa pande mbili zilipatana, adhabu haikuondolewa mapema vya kutosha. Ndiyo maana Rosewall, bingwa mpya wa Dallas, hakucheza Wimbledon mwaka huo, wala Laver, wala Newcombe aliyekuwa bingwa mtetezi. Rosewall alifika fainali ya Wimbledon mara nne, 1954, 1956, 1970 na 1974, na zote alishindwa. Laver naye hakupata kuonja ubingwa wa Dallas: alifungwa na Rosewall 1971, akafungwa tena 1972.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuikumbuka Dallas, na sababu hiyo ni Arthur Ashe. Mwaka 1970 Ashe na Stan Smith walizuru nchi kadhaa za Afrika wakicheza mechi za maonyesho, Kenya na Tanzania zikiwamo. Miaka mitatu baadaye wawili hao hao wakakutana kwenye fainali ya Dallas, Smith akashinda. Ashe alirudi 1975, akiwa na miaka 31. Alikuwa mtoto wa Richmond, Virginia, alikokulia akizuiwa kuingia kwenye viwanja vya tenisi vya Wazungu. Mbele yake alisimama Björn Borg, kijana wa miaka 18. Ashe alipoteza seti ya kwanza, kisha akazitwaa tatu zilizofuata, ya mwisho 6-0. Ushindi wake wa Wimbledon dhidi ya Jimmy Connors, Julai mwaka huo, unasimuliwa kila mahali kama muujiza. Waliomwona Dallas mwezi Mei hawakuwa na haja ya kushangaa.

Borg alilitwaa kombe hilo 1976, Connors 1977 na 1980, Ivan Lendl 1982 na 1985, Boris Becker 1988. John McEnroe alilibeba mara tano. Kwa hiyo WCT haikufa kwa kukosa majina. Ilibanwa na ratiba. Fainali za Masters nazo ziliwakusanya wachezaji bora, na tangu 1977 zilikuwa New York, ndani ya Madison Square Garden. WCT ilitoka kwenye mfumo mkuu wa mashindano ya tenisi, ikaenda mahakamani 1983, ikapatana na kurudi. Kisha mwaka 1988, nje ya uwanja wa US Open, Hamilton Jordan aliyekiongoza chama cha wachezaji, ATP, alitangaza kwamba kuanzia 1990 wachezaji wataendesha msimu wao wenyewe. Katika kalenda mpya Dallas haikupewa nafasi. Fainali ya mwisho, 1989, McEnroe alimshinda Brad Gilbert, na 1990 WCT ikafungwa.

Tangu hapo ukubwa wa mchezaji hupimwa kwa mataji manne makubwa pekee: Rosewall 8, McEnroe 7. Katika miaka ya sabini hesabu haikuwa hiyo. Borg na Connors walikuwa tayari kuiruka safari ya Australia, linakogombewa moja ya mataji hayo manne, mwaka baada ya mwaka, lakini Dallas walikuja kupigania. Kuwahukumu leo kwa kipimo ambacho wao wenyewe hawakukitumia ni kuwapunja, na kwa Rosewall, kunafuta mechi bora kuliko zote alizowahi kushinda.