MPIRA WA WATOTO: MAZOEZI YAJENGAYO MWILI BILA KUUUMIZA

Ukipita jioni katika vijiji vya Handeni au mitaa ya Korogwe, ni nadra kukosa kundi la watoto wakikimbiza mpira. Wengine wana mpira wa dukani, wengine wa matambara uliofungwa kamba. Ni jambo jema. Mtoto anayecheza hujenga moyo na mifupa imara, hulala vizuri na hujifunza kuishi na wenzake. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Tatizo huanza pale watu wazima tunapoingilia kati bila maarifa. Timu ya watoto hupewa kaka wa kuifundisha, naye hufundisha kama alivyofundishwa: kuzunguka uwanja mara 10, kupiga shuti kwa foleni, kisha mechi ya watoto 22 na mpira mmoja. Anayechelewa huadhibiwa kwa kukimbizwa juani, na anayeomba maji huambiwa ni mlegevu. Mwezi huu tuone namna iliyo bora, ili mama anayemruhusu mwanawe kwenda uwanjani ampokee jioni akiwa mzima.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Mifupa ya mtoto bado inarefuka. Karibu na ncha za mifupa mirefu pana sehemu laini ambako ukuaji hufanyika, na sehemu hizo huumia kwa urahisi kuliko mfupa uliokomaa. Ndiyo maana mtoto wa miaka 11 hadi 14 akikimbizwa na kurushwarushwa kupita kiasi hulalamika maumivu chini ya goti au nyuma ya kisigino. Huo si uvivu. Mpumzisheni, na maumivu yasipoisha apelekwe zahanati.

Pia watoto wa umri mmoja hawalingani kwa mwili. Wapangeni kwa kimo na nguvu, wala msitazame miaka pekee. Mwenye kilo 30 asigombanie mpira na mwenye kilo 55.

Hesabu ndogo ya mpira mmoja

Chukua watoto 22, mpira mmoja na dakika 40. Hata kama mpira ungegawanywa sawasawa, kila mtoto angekuwa nao kwa muda usiofika dakika 2. Na kwa kweli haugawanywi hivyo. Wenye nguvu huuchukua, wadogo husimama pembeni. Wagawe watoto wanne kwa wanne katika viwanja vidogo, kila kiwanja na mpira wake, na fungu la kila mmoja ni dakika 5. Mpira wa matambara watosha kabisa kwa kazi hii.

Foleni nayo ni hasara. Watoto 20 wakipiga shuti kwa zamu, kila mmoja sekunde 15, anayemaliza hungoja karibu dakika 5 kabla ya kugusa mpira tena. Mwili umepoa, naye ameanza ugomvi na jirani yake.

Mazoezi ya saa moja

Mpango ufuatao wafaa watoto wa miaka 7 hadi 13. Hauhitaji vifaa vya fedha nyingi. Mipaka ya viwanja ichorwe kwa majivu. Magoli madogo yatengenezwe kwa miti ya mkonge, ambayo ni miepesi na haiumizi ikianguka.

1. Kuamsha mwili (dakika 15). Anzeni na mchezo ambao watoto wanaujua: rede, au kukimbizana ndani ya mraba. Baada ya dakika 5 wasimame kwa mguu mmoja, wawili wawili, wakirushiana mpira kwa mikono bila kuyumba. Kisha waruke mbele na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo na kuelekea mbele, yasigongane. Mwisho wajifunze kuanguka kwa kubingirika juu ya bega, mahali penye majani laini. Mambo haya yaonekana ya kitoto lakini yana nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Ulaya kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hii yalipunguza majeraha kwa karibu nusu.

2. Linda mali yako (dakika 10). Kila mtoto ana mpira wake ndani ya mraba wa hatua 15 kwa 15. Anauendesha huku akijaribu kuupiga nje mpira wa mwenzake. Anayepoteza wake haondolewi mchezoni. Apige danadana 5 au agonge mpira kwa unyayo mara 10, kisha arudi. Tukimtoa, anayehitaji mazoezi zaidi ndiye atakayekaa chini. Mchezo huu hufundisha chenga, na humzoesha mtoto kuinua macho asigongane na wengine.

3. Mtu kati (dakika 10). Watoto wanne husimama pembeni wakipeana pasi, mmoja yuko katikati akitafuta mpira. Anayepoteza pasi huingia kati. Wadogo wagusishe mpira mara watakavyo; wakubwa wapewe kugusa mara mbili tu. Hapa hujifunza kupokea kwa upande wa mguu na kuamua haraka.

4. Wanne kwa wanne (dakika 20). Uwanja uwe wa hatua 30 kwa 20 hivi, magoli madogo, bila golikipa. Chezeni vipindi vinne vya dakika 4, na dakika moja ya maji baada ya kila kipindi. Badilisheni timu kila kipindi ili kusiwe na timu ya mabingwa na timu ya wanyonge. Kukimbia kunakohitajika kumo humu ndani, hivyo hakuna haja ya kuwazungusha uwanja.

5. Kupoa (dakika 5). Watembee taratibu na wajinyooshe miguu. Mwalimu apite akiuliza kila mmoja: unaumwa popote? Mtoto asiyeulizwa hunyamaza.

Kuhusu mpira wa kichwa, msiwe na haraka. Mwaka 2015 chama cha mpira cha Marekani kiliwakataza watoto wa miaka 10 na chini kuupiga mpira kwa kichwa, na mwaka 2020 Uingereza iliondoa zoezi hilo katika mafunzo ya watoto wa shule za msingi. Shabaha ni kuukinga ubongo unaokua. Nasi tuwaache wadogo wacheze mpira wa chini. Watapata pasi bora zaidi.

Jua na maji

Korogwe iko bondeni kando ya mto Pangani, na joto lake la mchana tunalijua. Mazoezi yaanze saa 10 jioni au asubuhi mapema, si saa 8 mchana. Handeni shida ya maji ni ya miaka mingi; kwa hiyo kila mtoto aje na chupa yake ya maji yaliyochemshwa, na wazazi wapeane zamu kuleta ndoo ya akiba. Anywe kabla ya kuanza na kila baada ya dakika 15 au 20. Wazo kwamba maji hukata pumzi ya mchezaji si la kweli. Ukosefu wa maji ndio humwishia nguvu.

Mtoto akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu juani, mwekeni kivulini, mlegezeni nguo, mmwagieni maji na kumpepea. Akichanganyikiwa au akizimia, endeleeni kumpoza huku mkimkimbiza hospitali.

Akiumia

Kifundo kikiteguka, mtoto aache kucheza. Wekeni kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana, na mguu uinuliwe juu ya mto. Desturi yetu ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua siku ileile huongeza uvimbe. Tungojee angalau siku mbili. Asipoweza kukanyaga hatua nne, au mfupa umepinda, apigwe picha hospitalini, wala asivutwe mguu na mtu yeyote nyumbani.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Aliyechomwa na msumari au mwiba mrefu aende zahanati kuulizia chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema hajambo na hata kama mechi ni ya fainali. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akipatwa na degedege, au kichwa kikizidi kumwuma, apelekwe hospitali usiku uleule. Akipona, arejee kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Wanaohitaji uangalizi

Baba na mama, mwambieni mwalimu hali ya mtoto wenu bila aibu. Mwenye pumu acheze, ila dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani. Mwenye selimundu apate kwanza ushauri wa mganga. Akiruhusiwa, anywe maji mengi, apumzike kila anapochoka, asinyeshewe mvua wala kupata baridi. Kumkimbiza kwa adhabu kunaweza kumletea maumivu makali, na hata kuhatarisha uhai wake. Mwenye homa asicheze kabisa, apimwe malaria. Na asiyekula tangu asubuhi apewe kwanza uji, muhogo au ndizi.

Uwanja na njia ya kurudi

Kabla ya kuanza, watoto wapange mstari na kuvuka uwanja wakiokota miiba, mawe na vigae vya chupa. Ua wa mkonge ukiwa karibu, ncha za majani zikatwe, maana hutoboa jicho. Magoli ya chuma au ya magogo yachimbiwe ardhini, na mtoto asininginie.

Baada ya mazoezi wengi hukimbilia lambo, mfereji au mto kuoga. Maji yaliyotuama yenye konokono huweza kuwa na kichocho, na mto Pangani una mamba. Waogee nyumbani.

Wasichana nao wapewe nafasi. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India. Mazoezi ni yaleyale. Muhimu ni wapate muda wa uwanja usiogongana na kazi za nyumbani, na mwalimu wa kike au mama mmoja awepo daima.

Mwisho, tuchunge ndimi zetu pembeni mwa uwanja. Mtoto anayetukanwa kwa kukosa goli huogopa mpira, na anayeogopa huficha maumivu yake. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Lakini tumkunje kwa mkono mwepesi. Jioni akirudi, badala ya kumwuliza kwanza nani kashinda, mwulizeni kama alifurahi, alikunywa maji, na kama anaumwa popote.