Kutu ya Kunde Hupenda Jani Lililolowa

Kutu ishikayo majani ya kunde si vumbi. Ni kuvu, nayo huishi juu ya mmea ulio hai tu. Madoa yake, yenye rangi ya chuma kilichoshika kutu, hupasuka na kutoa unga unaoshika vidoleni. Unga huo ndio mbegu zake, na upepo huupeleka mbali. Lakini hauoti pasipo jani kulowa kwa saa nyingi. Kwa hiyo ukame wa Lowarengak, uuao kunde kwa kiu, huikatili kutu vilevile. Mwenye bustani huko asimwagie majani maji jioni, yakalala yamelowa; amwagie shinani, asubuhi. Mashina yaliyougua huchomwa moto baada ya mavuno.