Nzito, Ndefu, za Juu: Nyimbo Zinazompima Mwimbaji

Ala yenye sauti nzito kuliko zote Kisii na Nyamira ni obokano. Kinubi hiki cha Abagusii kina nyuzi 8 na bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi. Wataalamu wamekiita besi kuu ya Afrika Mashariki. Mpigaji ndiye mwimbaji. Husifu, huomboleza, huigiza sauti za watu wa kisa chake, na vidole havikomi. Hana kondakta wa kumwonyesha pa kuvutia pumzi.

Kwa sikio lililozoea obokano, wimbo mzito kuliko zote wa Broadway si mgeni. Mwaka 1927, mwaka uleule Tamasha la Muziki la Kenya lilipoanza, mchezo wa Show Boat ulifunguliwa New York, na Jules Bledsoe akaimba Ol' Man River. Wimbo huo huanzia chini kabisa, kisha hupanda zaidi ya oktavu moja na nusu. Paul Robeson aliuimba London mwaka 1928. Baadaye, kwenye matamasha yake, alibadilisha maneno: mtu aliyechoka na maisha akawa mtu anayepigana. Noti zilibaki zilezile. Sijui mwimbaji mwingine aliyeugeuza wimbo kwa ujasiri kama huo. Na Robeson, katika miaka ya 1930, alisoma Kiswahili hukohuko London.

Kwa urefu, Soliloquy ya mchezo wa Carousel (1945) huchukua zaidi ya dakika 7. Baba mtarajiwa anajigamba juu ya mwanawe wa kiume, mara anakumbuka huenda akazaliwa binti, na sauti yote inalainika. Ni mtu mmoja na kisa kizima, kama mpiga obokano. Kwa noti za juu, taji ni la Glitter and Be Gay ya mchezo wa Candide (1956), ambapo Barbara Cook alilazimika kucheka kwa noti.

Lakini ugumu mkubwa kuliko wote, kwangu mimi, uko kwenye kwaya za nyumbani. Ekegusii, lugha ya Abagusii, kina vokali 7, mbili zaidi ya Kiswahili, na kidatu cha sauti hubeba maana. Tuni iliyotoka Ulaya huweza kupanda pale ambapo neno linataka kushuka. Isitoshe, soprano akifika juu, kinywa hupanuka na vokali mbili zinazokaribiana huwa moja. Mwimbaji hodari huilinda vokali hata noti ikipungua uzuri, ili bibi aliyeketi benchi la nyuma asikie neno lenyewe.